Farasi Aliyepoteza Madoa

Kaka yangu amenichosha. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma hadi katikati akadhani nasimulia habari za mtu mwema aliyeonewa na dunia. Ni mtu mwema, sikatai. Lakini ana kichwa kigumu cha kutosha kuwagawia ukoo mzima na kingine kikabaki, na mimi ndiye niliyekaa jirani na kichwa hicho miaka yote hii, ukuta mmoja tu katikati.

Ukuta wenyewe ni wa banda la farasi. Upande wa kule kaka yangu ni saisi, yaani mtunza farasi: anawalisha, anawasugua, anawasafisha kwato, na akilala anawaota. Upande wa huku ni karakana yangu, ninaposhona matandiko, hatamu na mikanda ya ngozi. Banda ni mali ya mama mmoja tunayemwita Bosi, aliyefungua shule ya kupanda farasi pembezoni mwa mji. Watoto huja na wazazi wao, huvalishwa kofia ngumu, huzungushwa uwanjani, hupigwa picha, huondoka. Mimi nikiwa na sindano yangu nasikia kila kitu, kwa sababu ukuta ni wa mbao na mbao zimepasuka.

Kaka yangu watu humwita Duara. Hata mke wake, wifi yangu, humwita hivyo hivyo. Jina alilipata kwa namna anavyosugua farasi. Wenzake hupitisha brashi kufuata manyoya yanakolalia, wakamaliza, wakaenda zao kunywa chai. Yeye huanza na brashi, akaja na kitambaa, akamalizia na kiganja kitupu, na vyote huvizungusha. Duara ndogo ndogo kutoka shingoni mpaka mapajani, huku akimwambia farasi "samahani, nipite hapa kidogo" na "ahsante kwa kuvumilia." Mimi dada yake wa tumbo moja sijawahi kuombwa samahani hata ya kukanyagwa mguu.

Balaa lote lilianza na farasi wa kahawia. Bosi alimnunua akiwa mifupa mitupu, manyoya yamefifia kama zulia la mlangoni. Kaka akampokea. Akampa nyasi nzuri, akampa shayiri yenye mafuta kidogo, akamtibu minyoo, akamsugua asubuhi na jioni. Baada ya miezi kadhaa yule farasi alipotoka juani tukaona kitu kipya: mbavuni na makalioni palikuwa na madoa ya mviringo, mepesi, yanayong'aa kuliko manyoya ya pembeni, kana kwamba mtu amembonyeza kwa vidole vilivyolowa. Bosi alifurahi mno. Wazazi waliuliza kama ni farasi mpya. Kaka yangu akayatazama madoa, akatazama kiganja chake, akaunganisha mambo. Madoa ni duara. Mkono wake unazungusha duara. Basi, kesi imekwisha.

"Saisi si nguvu," akawa anatuambia, ameuinua mkono ili tuuone vizuri. "Saisi ni mkono."

Hapo ndipo tulipotakiwa kumkata kauli, na hakuna aliyemkata. Tulimwamini. Masaisi wengine wawili wakaanza nao kuzungusha brashi mpaka farasi wao wakaonekana kama wamekumbwa na kimbunga. Hata mimi, nisiyekuwa na farasi, nilijikuta napaka mafuta kwenye tandiko kwa duara ndogo ndogo nikingoja kuona kitakachotokea. Kilichotokea ni kwamba tandiko likawa na mafuta.

Kisha akaletwa farasi jike kijana, rangi ya mkaa uliomwagiwa maji. Kaka akamchukua mwenyewe, hakutaka mtu amguse. Mwaka hadi mwaka yule farasi akafunguka. Madoa meupe yakajitokeza ubavuni, kila moja limezungukwa na kijivu kilichokolea, mwili mzima ukawa kama umevikwa wavu. Tukamwita Kanga, kwa yule ndege wa madoadoa. Bosi akamwita mchoraji, Kanga akachorwa kwenye kibao cha getini, na watu wakawa wanasimamisha magari barabarani kuja kumpiga picha.

Kaka akavimba kichwa. Mgeni akifika nyumbani kwake, kabla hajapewa kiti ameshasimuliwa madoa. Wifi yangu alikuwa akipita na sinia la chai na kuninong'oneza, "Mgongo huu wangu kama ungesuguliwa nusu ya anavyosuguliwa Kanga, leo ningekuwa na madoa ya dhahabu." Tulicheka. Wakati ule bado jambo lilikuwa la kuchekesha.

Wana mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo amekulia bandani. Alijifunza kutembea akishika mguu wa farasi wa kahawia. Alipomaliza shule mama yake alimtafutia kazi dukani, akaenda kwa shingo upande, akarudi baada ya siku chache akisema dukani hakuna kinachopumua. Alitaka kuwa saisi na hakutaka kitu kingine. Bosi akampa kazi ya kuzoa samadi na kubeba maji, naye aliifanya akiimba. Ila Kanga hakuruhusiwa kumgusa. "Mkono wako haujakomaa," baba yake alimwambia, na yule mtoto akaitikia "Sawa, Baba," akachukua koleo lake. Laiti ningekuwa mimi, koleo lile lingetumika vingine.

Basi msimu mmoja wa mvua, kaka akainua gunia la shayiri vibaya, mgongo ukamkatika. Alilala nyumbani msimu mzima, amenyooka kitandani kama ubao, akimwamrisha kila mtu. Ikabidi Kanga apewe binti. Mimi nilikuwa nawasikia kila siku kupitia mbao zangu. Alimsugua kama alivyoona baba yake akifanya, alimlisha kipimo kile kile, alimtoa kwenye jua la asubuhi. Kanga hajawahi kutulia vile. Alikuwa anapumua kwa sauti, ile pumzi ndefu ya mnyama aliyeridhika.

Siku kaka aliporudi kazini ilikuwa siku ya masomo, uwanja umejaa watoto na wazazi. Alikuja akijikongoja na fimbo, uso umejaa hamu. Binti akamtoa Kanga nje ili amwonyeshe baba yake alivyomtunza. Alikuwa amemsuka hata manyoya ya shingo.

Kaka akasimama. Uso wa Kanga ulikuwa mweupe. Shingo ilikuwa imekaribia kuwa nyeupe. Ubavuni madoa yalikuwepo, lakini ule wavu wa kijivu ulikuwa umefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kufifia muda mrefu nyuma, na sote tuliokuwa tunamwona kila siku hatukugundua. Kaka mwenyewe hakugundua. Ilimbidi akae mbali msimu mzima ndipo ayaone mabadiliko yote kwa mpigo, na akayakuta kwenye mikono ya mtoto wake.

"Umemfanya nini?" akauliza.

"Nimemtunza, Baba. Kama ulivyoniambia."

"Kanga nilimwacha ana madoa."

"Bado anayo. Yamepungua kidogo tu, labda ni..."

"Yamepungua kwa sababu huna mkono," kaka akasema, na hakupunguza sauti. "Wapo wenye mkono na wapo wasio nao. Wewe huna. Umemharibu farasi."

Watoto walikuwa juu ya farasi, wazazi kwenye mabenchi, Bosi kwenye mlango wa ofisi, mimi nimetoka na uzi mdomoni. Binti alimkabidhi baba yake kamba ya Kanga, akavua aproni, akatoka getini. Jioni hiyo nikamkuta kwenye ngazi ya nyumba yangu na begi lake. Tangu siku ile anaishi kwangu, analala kwenye kitanda changu amejitanua kana kwamba alikilipia yeye.

Akapata kazi ya kuosha magari, kwenye kiwanja kimoja karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa anarudi amelowa mpaka magotini, mikono imekunjamana kwa sabuni. Akishavua mabuti, swali lake lilikuwa moja: "Shangazi, Kanga amekula?" Baba yake hakumuulizia hata kwa bahati mbaya. Asubuhi yake, upande wa pili wa ukuta, kaka naye hukohoa, hujikuna, huzungukazunguka, halafu huuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Yule mtoto amekula?" Nikageuka posta. Mara nyingine niliwajibu kwa kukosea makusudi, nikamwambia binti kwamba baba yake amekula na kaka kwamba Kanga yuko salama. Hakuna aliyecheka.

Wakati huohuo kaka aliapa kuyarudisha madoa. Alimsugua Kanga asubuhi, mchana na jioni. Akamwongezea shayiri, akaongeza mafuta, akaongeza molasi, akasikia habari za mbegu za kitani akazitafuta. Kanga akanenepa mpaka mikanda ya tandiko nililomshonea ikagoma kufunga, ikabidi niiongeze ngozi. Ngozi yake ikawa laini kweli, ikang'aa kweli, na ikazidi kuwa nyeupe. Ubavu wa kushoto, pale kaka anapopenda kuanzia, ukaota kidonda kwa kusuguliwa. Hapo Kanga, ambaye hajawahi kumdhuru hata inzi, akageuza shingo na kumuuma kaka bega.

"Amenibusu kwa nguvu," kaka alisema, amejishika bega.

Daktari wa mifugo alikuja kutazama kile kidonda. Ni mtu mpole, mvivu wa maneno. Nilitoka karakana makusudi, nikaenda kusimama kati yake na kaka yangu.

"Daktari," nikasema, "hebu tuambie. Madoa ya farasi yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?"

"Inategemea farasi," akasema, akiendelea kupaka dawa. "Farasi wa kijivu kama huyu hazaliwi wa kijivu. Anazaliwa mweusi au kahawia, halafu kila mwaka nywele nyeupe zinaongezeka. Sasa haziongezeki sawasawa mwili mzima. Hapa panatangulia kuwa peupe, pembeni bado peusi. Hayo ndiyo madoa. Akikaa sana yanaungana, anakuwa mweupe mzima."

"Na kwa nini yawe ya mviringo?"

"Hapo hata mimi sijui vizuri. Wapo wanaosema yanafuata mishipa ya damu chini ya ngozi. Sijaona aliyenithibitishia."

"Na yule wa kahawia?" kaka akadakia, sauti kavu. "Yule naye anakuwa mweupe?"

"Yule ni habari nyingine. Farasi wa kahawia akishiba na kutunzwa vizuri, madoa yanajitokeza. Akidhoofika yanapotea. Pale ulifanya kazi nzuri sana, Duara."

Natamani angefunga mkoba kabla ya sentensi hiyo ya mwisho. Kaka yangu alichukua hiyo moja, nyingine zote akazitemea mate. Na hapa ndipo penye tabu yake. Angekuwa amekosea kabisa ingekuwa rahisi kumnyoosha, lakini alikuwa amepatia nusu, na nusu aliyopatia aliishikilia kwa meno. Daktari alimwambia pia apunguze chakula, la sivyo kwato za Kanga zingewaka moto kwa ndani na asiweze kusimama. Hilo angalau alilitii. Wifi anasema siku ile alirudi nyumbani akakaa sebuleni bila kuvua viatu, na yeye ndiye huwafokea watoto wa jirani wakiingia na viatu.

Mvua nyingine zikaja zikapita. Asubuhi moja kaka alimwosha Kanga, akamtoa nje akauke. Mimi nilikuwa mlangoni nakata ngozi. Kanga alisimama katikati ya ua, mweupe kuanzia masikio hadi mkia, labda vidoa viwili vitatu vya kijivu kwenye goti. Kaka alimtazama muda mrefu. Kisha akaingia kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaomba chai. Alikunywa yote bila kunikosoa sukari. Nilidhani ni mgongo.

Kumbe siku ile alijua. Nilikuja kulifahamu hilo baadaye, na ndilo lililonikasirisha kuliko mengine yote.

Alijua, halafu akajitia hamnazo. Baba mmoja alileta mtoto wake mdogo, na mtoto alitaka farasi wa kwenye kibao. "Yuko wapi yule wa madoadoa?"

"Amesafiri," kaka akajibu, ameshika kamba ya Kanga.

"Na huyu?"

"Huyu ni dada yake."

Niliweka sindano chini. Mwanamume mzima, mvi kichwani, anamtafutia farasi ndugu. Ningecheka, lakini pembeni alikuwa amekaa mama mmoja wa siku nyingi, ambaye mwanawe hupanda farasi wa kahawia. Yule mama akainua macho kutoka kwenye simu.

"Si ndiye Kanga huyo?" akasema. "Nilikuwepo siku ile. Si binti yako ndiye aliyemharibu?"

Nikangoja. Ukutani kwangu nikangoja, sikio kwenye ufa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, hapana. Kaka yangu hakusema kitu. Aliangalia kwato za farasi, akakohoa, akamwongoza Kanga kwenda zizini.

Nilimfuata mpaka stoo ya chakula, nikafunga mlango.

"Kwa nini hukumjibu yule mama?"

"Nimjibu nini?"

"Kwamba mtoto wako hana kosa. Kanga amekuwa mweupe mikononi mwako, Kaka. Mchana kweupe. Binti hakuwepo, alikuwa anaosha magari ya watu. Unajua, na umekaa kimya."

Nilitegemea atafoka. Angefoka ningefurahi, maana nilikuwa na mengi ya kumrudishia. Akakaa juu ya gunia.

"Nikisema si mkono wake ulioyaondoa," akasema, "basi si mkono wangu ulioyaleta."

"Ndiyo hivyo."

"Wewe unasema ndiyo hivyo kama unataja bei ya nyanya. Mimi sikusoma. Nyumba ninayoishi ya kupanga. Nikipita barabarani watu wanasema, yule ndiye aliyemtengeneza Kanga. Hicho ndicho nilichonacho."

"Una binti," nikamwambia.

Nilijiona nimesema neno zito. Nikategemea limwangukie. Yeye akainuka, akachukua ufagio, akaanza kufagia stoo niliyosimama ndani yake, ikabidi nitoke. Nilimwonea huruma, nalisema waziwazi, na papo hapo nikatamani kumpiga na kile kigoda.

Ni Bosi aliyekata mzizi wa mambo, bila kujua. Alinunua farasi mpya, dume changa, mweusi tii. Siku aliposhushwa kwenye gari Bosi alimwita kaka, nami nikatoka kutazama.

"Duara, mgongo wako huu hauwezi farasi mbichi asiyefundishwa bado," akasema. "Mwisho wa wiki nataka awe na saisi wake. Kama una mtu, mlete. Kama huna, yupo mmoja wa banda la jirani nimeshaongea naye, na nikishamchukua yeye sina nafasi nyingine ya mtu hapa. Mifuko yangu unaijua."

Kaka alikuwa amemkaribia yule farasi, anamtazama usoni. Nikasogea. Kuzunguka macho, kwenye ule weusi wote, palikuwa na nywele chache nyeupe. Kaka alizigusa kwa kidole. Sote wawili tulijua huyo farasi ataelekea wapi.

Siku zikaanza kwisha. Jioni nikirudi nyumbani binti ananiuliza Kanga amekula, nami nashindwa kumwambia habari za farasi mpya, kwa sababu si mimi niliyemfukuza na si mimi wa kumwita. Nililala vibaya, na si kwa sababu ya miguu yake peke yake. Ilipobaki siku moja, mchana, kaka akagonga mbao.

"Hebu nisindikize," akasema.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Tulikwenda kwa miguu. Njia nzima alilalamikia vumbi, akalalamikia viatu, akasema kituo cha mafuta kimejengwa vibaya. Binti alikuwa anafuta kioo cha gari jeupe, mwenye gari amesimama pembeni. Alituona, akaendelea kufuta.

"Ndoo hiyo umeiweka njiani," kaka akasema. "Mtu atajikwaa."

Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote.

"Bosi ameleta farasi," akaanza upya. "Dume. Mweusi. Ana nywele nyeupe kando ya macho."

Kitambaa kikasimama. "Basi atakuwa wa kijivu," binti akasema, akiliambia gari; maneno ya daktari nilishamfikishia zamani.

"Ndiyo. Atapata madoa. Halafu atakuwa mweupe."

"Nani amekuambia?"

"Kanga."

Binti akageuka. Kaka akaendelea. "Anataka saisi. Mimi mgongo huu siwezi. Nimekuja kukuuliza. Na akianza kufifia huko mbele, mtu akikulaumu, mlete kwangu."

"Na mtu mwenyewe akiwa wewe, Baba?"

Mwenye gari akatazama saa yake. Mimi nilikuwa natazama chini. Nilidhani kaka ataondoka, kwa jinsi ninavyomjua, na nilishajiandaa kumkimbilia.

"Nilikosea," akasema. "Hukumharibu. Yalikuwa yanakwenda yenyewe." Angeishia hapo ingetosha, na mimi ningempongeza. Hakuishia hapo. "Na nilijua tangu mvua zile zilizopita. Watu walikuwa wanakutaja, nikanyamaza. Niliona heri wakulaumu wewe kuliko kujua kwamba sikufanya kitu."

Binti alikuwa anakamua kitambaa ambacho hakikuwa na maji tena.

"Wewe ulinisema pale uwanjani," akasema. "Watoto wapo, wazazi wapo, Bosi yupo. Leo unakuja kuniambia mimi na Shangazi na huyu mzee mwenye gari. Kayaseme kulekule."

Akatugeuzia mgongo. Njia ya kurudi kaka hakulalamikia kitu chochote.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya masomo. Nilimwona akitoka zizini amevaa shati lake la kwenda harusini, akaenda moja kwa moja kwenye kile kijukwaa cha mbao ambacho watoto hukanyaga ili kupanda farasi. Akakipanda yeye, polepole, akiushika mgongo. Bosi akatoka ofisini na kikombe.

"Nina neno," kaka akasema. "Farasi mweupe yule ni Kanga, hana dada. Mnakumbuka niliwahi kusimama hapa nikasema binti yangu amemharibu. Nilisema uongo. Nilipousema sikujua ni uongo, lakini baadaye nilijua, nikauacha ukatembea. Farasi wa kijivu anakuwa mweupe, hata angetunzwa na nani. Madoa yale hakuyaondoa yeye. Wala mimi sikuyaleta."

Basi. Nilitegemea nini, sijui. Yule mama wa siku nyingi alisema, "Haya, sawa," akarudi kwenye simu yake. Mtoto mmoja akauliza kama somo linaanza. Masaisi wawili wakatazamana, wakaendelea kukaza mikanda. Yaani jambo lililomtoa mtoto nyumbani kwao, likanipokonya nusu ya kitanda, likamnenepesha farasi asiye na hatia, lilimalizika kwa maneno ya muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na hakuna aliyezimia. Nilitaka kupiga kelele. Angeweza kuyasema wakati wowote ule.

Kaka alibaki juu ya kijukwaa, mikono imening'inia, kama aliyesahau jinsi ya kushuka. Alikuwa anaangalia getini. Binti yake alikuwa amesimama pale na mabuti yake ya kuoshea magari, na kwa jinsi alivyokuwa ameegemea nguzo, alikuwepo tangu mwanzo.

Alikuja akikatiza uwanja, hakumtazama mtu. Alimpita Bosi, akapita mbele ya baba yake bila kusimama, akaenda hadi kwa yule farasi mweusi aliyefungwa kivulini. Akamwacha amnuse viganja. Akafungua kamba, akaanza kuondoka naye. Kaka bado yuko juu ya mbao.

Binti akasimama. Akarudi na farasi wake mpaka pale.

"Shuka, Baba," akasema. "Utajiumiza tena."

Akampa bega. Kaka akashuka akiliegemea, kwa uzito wake wote.